Uliza Tujibu: Masingasinga wa California, hekalu zao na chakula kisichouzwa

Toleo lililopita kijana mmoja wa Kampala aliuliza mtu akifika California bila ndugu aanzie wapi, na kwenye jibu nikagusia, sentensi moja tu, kwamba kule kuna hekalu za Masingasinga, wale wa dini ya Sikh, zilizoanza kama nyumba ya vibarua na leo zinalisha mtu yeyote bila kumuuliza kitu. Basi hiyo sentensi imezaa barua na meseji za WhatsApp mpaka nimeamua ukurasa wote safari hii tuuache kwa jambo hili hili. Nimefurahi kusema kweli, manake ni watu tunapishana nao kila siku, tunaona vilemba pale Kampala na Jinja, tunaona lile jengo lenye mlingoti mrefu na bendera ya rangi ya machungwa, halafu tunapita bila kuuliza. Majina ya walioandika nimeyaacha, nimebakiza mahali tu.

Asalaam aleikum. Binti yangu alienda kyeyo, kutafuta kazi ng'ambo, yuko Stockton huko California, anatunza wazee. Kazi ilikatika miezi ya nyuma na juzi dada yake ndo akaniambia kwamba anakula kwa hekalu la Wahindi wa vilemba, karibu kila Jumapili. Sisi ni Waislamu. Tangu nisikie sijalala vizuri. Chakula hicho ni halali? Na wanampa bure kwa nini, nani anapeana chakula bure kama hakuna kitu anakitaka kwako? – Mama, Mbale

Waaleikum salaam mama, na pole, mtoto akiwa mbali hata habari nzuri inafika na wasiwasi wake. Nianze na kile kinakunyima usingizi. Chakula cha gurudwara, yaani hekalu lao, wenyewe wanakiita langar, hakina nyama ya aina yoyote, hakina samaki, hakina yai, na pombe na sigara haziruhusiwi kuingia hata getini. Ni dengu, mboga, wali, maziwa mtindi na chapati, na chapati mama unaijua, pengine binti yako ndo kitu cha kwanza amekula huko kinachofanana na cha nyumbani. Wamepanga hivo makusudi ili Muislamu, Mkristo, Mhindu, mtu yeyote asiwe na sababu ya kukataa kuketi. Kitu kimoja tu nikwambie ujue: ndani ya ukumbi wa ibada watu wanapewa mkononi halua ya unga, samli na sukari, inaitwa karah prashad, na hiyo imesomewa dua zao mbele ya kitabu chao kitakatifu. Hapo siwezi kuwasemea, muulizeni sheikh wenu, na akiona afadhali aiache anaweza kukataa kwa adabu tu au aende moja kwa moja ukumbi wa chakula, hakuna atakayemfukuza.

Sasa kwa nini bure. Hiyo desturi ilianza na Guru Nanak mwenyewe, aliyeanzisha dini hiyo kule Punjab, alizaliwa 1469 akafa 1539, na alizaliwa katika jamii ambayo nani anakula na nani lilikuwa swala zito kweli, mtu wa tabaka la juu hawezi kugusa sahani ya mtu wa chini. Yeye akasema hapana, wote mtakaa chini kwenye mstari mmoja, tajiri, maskini, mwanamke, mwanaume, mgeni, mtawala, na mtakula chakula kilichotoka kwenye sufuria moja. Kwa hiyo kulisha watu kwao ndo ibada yenyewe mama, ni sawa na kuomba. Pesa inatoka kwa waumini, wamefundishwa kutoa sehemu ya kumi ya kipato, na wapishi wengi si wa mshahara, ni watu wanajitolea, daktari yuko pale anamenya vitunguu, mwenye shamba anasukuma chapati, huo utumishi wanauita seva. Na hawana ile desturi ya kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta wa kubadilisha dini. Mwambie binti asione haya, afunike kichwa, avue viatu, na akimaliza kula kama ana nguvu asogee jikoni aoshe vyombo na wenzake, atapokelewa kama mtoto wa pale.

Na kama anapokula ni ile gurudwara ya mtaa wa South Grant, basi soma jibu la mwanafunzi wa Makerere hapo chini, utaona mwanao anakaa kwenye nyumba ya namna gani.

Habari ya kazi mzee. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa Kampala. Sisi wote wa hii barabara tunapajua Makindu, kwa Kalasinga, unafika umechoka, unakula, ukitaka kulala unalala, hakuna mtu anakuuliza pesa. Hao wa California ni wale wale? Na ni kweli huko Makalasinga ndo wameshika malori, mtu wa Malaba anaeza kupata kazi kwao? – Dereva, Malaba

Ni wale wale kwa imani na kwa asili ya Punjab, lakini kila gurudwara inajitegemea, ina kamati yake na akaunti yake, hakuna makao makuu yanayotuma amri kutoka Makindu kwenda Fresno. Ya Makindu ilijengwa 1926, mambo ya reli hayo, mafundi na wafanyakazi wa reli Masingasinga walikuwa wengi pale, na ikawa nyumba ya msafiri mpaka leo. Wewe dereva ukishakula Makindu umeshaijua langar kuliko mimi ninayeisoma na kuiandika, kwa hiyo ukiingia ya Stockton au ya Bakersfield hutapotea.

Malori ni kweli kabisa. California ina bonde kubwa la kilimo katikati, na barabara namba 99 inalipita kutoka kaskazini kwenda kusini, unapita Yuba City, Sacramento, Stockton, Livingston, Fresno, mpaka Bakersfield, na ukifuata hiyo barabara ni kama unafuata gurudwara, kila mji wa maana una moja au zaidi. Wengi waliokuja miaka ya 1980 na baadaye, baada ya yale mauaji ya Masingasinga na machafuko ya 1984 kule India, waliingia kwenye udereva, na sababu moja wanayoisema wenyewe ni kwamba dereva hana bosi wa kumwambia nyoa ndevu, vua kilemba, uko na usukani wako na Mungu wako. Mmoja ananunua lori, anamvuta binamu, wanakuwa kampuni. Siku hizi hata kwenye barabara kuu za mbali katikati ya Marekani unakuta vioski na hoteli za Kipunjabi, dengu na chapati kwa dereva, zimejengwa kwa sababu yao.

Lakini kazi ndugu yangu, hapo nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Agosti 2025, baada ya ajali mbaya Florida ambapo watu 3 walikufa na dereva wa lori alikuwa Singasinga aliyetokea California, serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha viza za kazi kwa madereva wa malori, na ukaguzi wa leseni na wa Kiingereza umekazwa sana. Jamii nzima imeteseka kwa kosa la mtu mmoja, madereva wasio na hatia wanaitwa majina barabarani. Kwa hiyo ajenti yeyote wa Kampala akikwambia ana nafasi ya dereva Marekani, lete milioni kadhaa za kufungua faili, usimpe hata shilingi. Na gurudwara haiuzi kazi, akitokea mtu anakuuzia kazi kwa jina la gurudwara jua ni mwizi.

Mimi nasoma historia Makerere. Uliandika kwamba hekalu hizo "zilianza kama nyumba ya vibarua". Naomba ueleze zaidi, juu nimezoea kufikiri Wahindi wa ng'ambo ni watu wa biashara na maduka. – Mwanafunzi, Kampala

Hapa ndo penyewe, na nitachukua nafasi.

Angalia miaka. Reli yetu ilianza Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901, na vibarua wake walikuwa kama 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Miaka hiyo hiyo, 1899 na kuendelea, vijana wengine wa vijiji vile vile vya Punjab walikuwa wanashuka melini San Francisco. Ni watoto wa wakulima, shamba limegawanywa kati ya ndugu mpaka limekuwa kidogo, deni liko, wengine walishakuwa askari wa Mwingereza wakaona dunia. Huku wakajenga reli na kule pia wakajenga reli, wakakata mbao, halafu wakashuka kwenye mashamba ya lile bonde, viazi, zabibu, mpunga, matunda. Hakuna duka hapo. Ni jembe na ndoo.

Na hawakupokelewa vizuri hata kidogo. Septemba 1907 kule Bellingham, jimbo la Washington, kundi la wazungu liliwavamia usiku wakawafukuza mji mzima. 1913 California ikapitisha sheria kwamba mgeni asiyeweza kuwa raia hawezi kumiliki ardhi. 1917 Marekani ikafunga mlango kwa karibu Asia yote. 1923 Mahakama Kuu ikaamua kwenye kesi ya Bhagat Singh Thind, mtu aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani kwenye vita kuu ya kwanza, kwamba yeye si "mzungu" kwa maana ya sheria na kwa hiyo uraia haumfai, na wengine waliokuwa wameshaupata wakanyang'anywa. Mke kutoka Punjab hawezi kuletwa. Shamba huwezi kuandikisha kwa jina lako. Fikiria maisha hayo, unalima miaka ishirini ardhi ambayo karatasi yake ina jina la jirani unayemwombea asibadilike moyo.

Ndani ya hali hiyo ndo gurudwara ya Stockton ilizaliwa. Chama chao, Pacific Coast Khalsa Diwan Society, kilianzishwa 1912, na nyumba ya ibada ikafunguliwa 1915, ya kwanza Marekani nzima. Wawili wanaotajwa sana ni Jawala Singh na Wasakha Singh, walikuwa wakulima waliokodi shamba karibu na Stockton, na Jawala Singh alifanikiwa kwenye viazi mpaka watu wakamwita mfalme wa viazi. Lakini angalia alifanya nini na pesa ya viazi. 1912 hiyo hiyo alitoa msaada wa masomo kuleta vijana kutoka India kuja chuo kikuu cha Berkeley, na msaada ule haukuwa wa Masingasinga peke yao, Mhindu na Muislamu waliweza kuomba. Na gurudwara yenyewe ilikuwa na vitanda. Kibarua akimaliza msimu wa kuvuna hana pa kwenda, anakuja Stockton, analala, anakula, anasomewa barua yake kutoka nyumbani, anaambiwa kazi iko wapi wiki ijayo. Mgonjwa anatunzwa pale, na akifa kuna watu wa kumchoma maiti kwa heshima. Ilikuwa ofisi ya kazi, hosteli, posta na mahakama ya wazee, vyote chini ya paa moja, na dua asubuhi na jioni.

Siasa nayo ikaingia, ingekosaje. 1913 likaundwa kundi la Ghadar la kumtoa Mwingereza India kwa nguvu, rais wake Sohan Singh Bhakna alikuwa kibarua wa kiwanda cha mbao, na gazeti lao lilianza kuchapwa San Francisco tarehe 1 Novemba 1913. Pesa na watu wa Stockton walikuwa ndani. Vita kuu ilipoanza 1914 wengi walirudi India kwenda kupigana, wakakamatwa, na Kartar Singh Sarabha, kijana aliyekuwa anasaidia kuchapa lile gazeti, akanyongwa 1915 akiwa na miaka 19. Nakuomba mwanafunzi wa historia ulikumbuke hilo unaposoma habari za wapigania uhuru wa Afrika, manake kibarua wa viazi aliyekatazwa kumiliki ekari moja alikuwa anachanga dola yake kwa ajili ya uhuru wa watu ambao hatawaona tena.

Halafu kuna ndoa. Kwa kuwa mke wa nyumbani haji, na sheria za wakati huo zilizuia mtu mweusi au wa rangi kuoa mzungu, mamia kadhaa ya Wapunjabi walioa wanawake wa Kimeksiko, hasa kule Imperial Valley kusini, na watoto wao wakaitwa majina kama Maria Singh na Jose Singh. Mama Mkatoliki, baba Singasinga, chakula mchanganyiko, na baba akienda Stockton kwa sherehe familia yote inapanda gari. Mashamba mengine yaliandikwa kwa majina ya watoto hawa kwa sababu wao wamezaliwa Marekani na ni raia.

Mlango ulifunguka kidogo 1946, sheria ikaruhusu Wahindi 100 kwa mwaka, ndiyo, 100 nchi nzima, pamoja na uraia. Na tazama kilichofuata. Dalip Singh Saund alikuwa amefika 1920, akasoma Berkeley akiishi kwenye nyumba ya wanafunzi iliyogharamiwa na gurudwara ya Stockton, akapata udaktari wa hisabati 1924, na kwa kukosa kazi inayolingana na kisomo chake akawa msimamizi wa vibarua na mkulima Imperial Valley. Akaupata uraia, na uchaguzi wa 1956 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani, Mwasia wa kwanza kabisa kuchaguliwa humo. Mtu aliyelala kwenye kitanda cha gurudwara. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 ndo familia zikaanza kuja kwa wingi, na leo Masingasinga wa Marekani wanakadiriwa kuwa kama nusu milioni, karibu nusu yao wako California.

Nimesoma sifa zako na nimekasirika kidogo. Mimi nimekua Jinja. Hao hao walikuwa na viwanda vya mbao, baba yangu alibeba magogo kwao mpaka mgongo ukaharibika, na hajawahi kuitwa kuketi kwenye mkeka kula. Mbona Marekani ni malaika na hapa walikuwa mabosi? – Mzee, Jinja

Mzee wangu, sikulaumu kwa hasira hiyo na sitakuambia baba yako alikosea kuona alichokiona. Naomba tu tuangalie nani alipanga viti. Kule California mtu wa Punjab aliwekwa na sheria chini kabisa, bila ardhi, bila mke, bila kura, akakaa mkeka mmoja na Mmeksiko na yeyote aliyekuja na njaa. Huku kwetu mkoloni alimweka yule yule, pengine binamu yake wa damu, katikati, juu yake mzungu, chini yake Mwafrika, mshahara tofauti, shule tofauti, hata foleni ya hospitali tofauti. Sheria ya Guru Nanak haikubadilika baharini, mlango wa gurudwara Uganda haukuwa na kibao cha kumzuia Mwafrika. Lakini mtu aliyezoea kumwita mwenzake boi kazini kuanzia Jumatatu hawezi kumwita ndugu Jumapili, na mwenzake naye hawezi kuingia. Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa dhidi ya dini yao wenyewe, nalisema wazi.

Halafu ikaja Agosti 1972, Amin akawapa watu wa Asia siku 90 waondoke Uganda, na fundi seremala aliyezaliwa Jinja akapanda ndege na sanduku moja sawa na tajiri. Zaidi ya 27,000 wa Asia kutoka Uganda walipokelewa Uingereza, maelfu wengine Kanada, wachache Marekani. Nao pia walifika mahali wakatafuta bendera ya rangi ya machungwa kabla hawajatafuta nyumba. Baadhi yao walirudi miaka ya 1990 mali ziliporudishwa, na gurudwara za Kampala, ya Ramgarhia na ya Singh Sabha, ziko hai. Mzee, nakuomba kitu kimoja: nenda Jumapili moja. Ingia, keti, kula. Ni haki yako kwa mujibu wa imani yao na wao wanajua hivo, na ukiketi pale na umri wako na habari za baba yako, wale vijana wao waliozaliwa baada ya 1972 wanahitaji kuzisikia kutoka kwako na si kwangu.

Mimi ni askari, naomba kujua hiyo habari ya kisu cha Masingasinga. Inakuaje nchi kama Marekani inaruhusu mtu kuingia shule na kisu kiunoni? – Askari, Naguru

Afande, kinaitwa kirpan, ni kimoja kati ya vitu vitano ambavyo Singasinga aliyekula kiapo anavaa tangu Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya waliokula kiapo, mwaka 1699: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptura ya ndani ya namna maalum na kirpan. Kwao ni alama ya kumtetea mnyonge, na si ya kuchomoa kwenye ugomvi wa baa.

Kesi kubwa ilitokea California hiyo hiyo, mji wa Livingston, watoto 3 wa familia moja walikatazwa kuingia shule ya msingi na kirpan miaka ya 1990. Mahakama ya rufaa ikasema shule itafute njia ya kati, na njia ikapatikana: kiwe kifupi, kifanywe butu, kishonewe ndani ya ala yake kisichomoke, kivaliwe chini ya nguo. Watoto wakarudi darasani. Naona ni hukumu ya busara sana na polisi wetu wangeweza kujifunza, manake ilianza kwa kuuliza kitu hiki kina hatari gani hasa, badala ya kuanza na woga.

Woga ndio umewaua afande. Septemba 15, 2001, siku nne tu baada ya mashambulizi ya New York, Singasinga mwenye kituo cha mafuta Mesa, Arizona, alipigwa risasi kwa sababu ya kilemba, muuaji aliona kilemba akaona gaidi. Na Agosti 5, 2012 mtu mwenye chuki ya rangi aliingia gurudwara ya Oak Creek, Wisconsin, asubuhi ya Jumapili watu wakipika, akaua 6, na wa saba alifariki miaka baadaye kwa majeraha yale. Baada ya hapo gurudwara nyingi ziliweka kamera na walinzi, na bado mlango uliachwa wazi na jiko halikuzimwa. Wewe uliyewahi kulinda nyumba za ibada unajua huo ni uamuzi mgumu kiasi gani.

Je wanawake wana sauti humo? Na hakuna ugomvi? Kanisani kwetu tukichagua kamati tu tunagawanyika. – Mwalimu, Arua

Mwalimu, ugomvi upo, tena wa kufika mahakamani. Kamati zinachaguliwa kwa kura, kuna kambi, kuna pesa nyingi ya sadaka, na kikundi kikishindwa wakati mwingine kinaenda kujenga gurudwara yake upande wa pili wa mji. Hata Stockton wazee wa kwanza waliweka viti kama kanisa, waliofika baadaye wakasema hapana, tukae chini, na maneno yakawa mengi.

La tabaka ndilo linaniumiza zaidi, kwa sababu dini ilianza kwa kulikataa. Wafuasi wa mtakatifu Ravidas, ambao wengi walidharauliwa kijijini kwa kazi ya ngozi, wana hekalu zao California kwa sababu waliona kwenye zingine hawaheshimiwi. 2023 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kutaja ubaguzi wa tabaka kwenye sheria, mashirika kadhaa ya Masingasinga yaliuunga mkono, wengine wa Asia Kusini wakaupinga vikali, na Oktoba gavana Newsom akaukataa kusaini akisema sheria zilizopo zinatosha. Mimi naona wale walioomba walindwe walikuwa na haki, mtu anayejua anaumizwa kwa jina gani anataka jina hilo liandikwe.

Wanawake kwa imani wana haki sawa, mwanamke anasoma kitabu kitakatifu mbele ya watu, anaongoza nyimbo, na jina la Kaur, la wanawake wa Kisingasinga, alipewa asimame kwa jina lake bila la mume. Kwenye kamati bado wanaume wamejaa, hilo linaonekana. Ila nje ya hekalu mwanamke amepita: Yuba City mwishoni mwa 2017 ilimpata meya Preet Didbal, Singasinga mwanamke wa kwanza kuwa meya Marekani, katika mji ambao babu zake wa imani walikuwa hawaruhusiwi kununua shamba.

Kaka yangu yuko Sacramento, anasema Novemba kuna sherehe yao kubwa. Ni wapi, na sisi watu weusi tunaenda? – Dada, Koboko

Ni Yuba City dada, kama saa moja kwa gari kutoka Sacramento, Jumapili ya kwanza ya Novemba, na imekuwa ikifanyika tangu 1980. Wanaadhimisha mwaka 1708 ambapo Guru wa kumi, yaani kiongozi wao wa kumi wa dini, yule Gobind Singh wa Khalsa, alisema baada yake hakutakuwa na Guru mwanadamu, kitabu, Guru Granth Sahib, ndo kitakuwa Guru. Kitabu kinawekwa juu ya gari lililopambwa kwa maua, kinapitishwa mjini, na nyuma yake watu makumi ya maelfu, miaka mingine inakaribia laki moja, kwenye mji ambao wenyewe hauna hata watu laki moja. Mmoja wa walioianzisha alikuwa Didar Singh Bains, mkulima mkubwa wa pichi aliyefariki 2022.

Aende, mnakaribishwa wote. Aegeshe gari mbali atembee, manake barabara zinafungwa. Achukue kitambaa cha kichwa, akisahau atapewa pale. Aache sigara kwenye gari. Na asile asubuhi, njia nzima kuna meza za familia zinagawa pakora, chai ya maziwa, maharage, pitsa hata, na ukikataa sahani ya mmoja anayefuata atakuwekea mkononi.